Namna ya kuipima maada ya giza kwa daftari na kikokotoo

Kwetu Njombe, msimu wa kuvuna viazi, huhitaji kufungua gunia ili ujue limeshindiliwa lumbesa. Tazama magoti ya anayelibeba akipanda ubao wa lori. Gunia la kawaida linamwacha atembee, lumbesa inamkunja.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka swali la maada ya giza (dark matter), kitu kisichoonekana lakini kinachovuta nyota na gesi za galaksi, hunifikia kwa sura ile ile: "Mwalimu, wanajuaje kwamba ipo kama haionekani?" Zamani nilikuwa najibu kwa maelezo marefu. Siku hizi nampa muulizaji namba za sayari nne, kikokotoo na robo saa. Akimaliza, ameyaona magoti yenyewe.

Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Hapa naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimewaona wanafunzi waliokariri fasili nzima, neno kwa neno, wakashindwa kusema ni kitu gani kinachovuta kingine. Jambo hilo hilo wakilisikia kwa Kiswahili, wanaanza kubisha. Anayebisha anafikiri, na mimi namtaka huyo.

Tafuta daftari, kalamu, na kikokotoo (cha simu kinatosha). Hatua ya mwisho inahitaji usiku mmoja usio na mbalamwezi.

Anza na Jua, maana halijaficha kitu

Chora jedwali la sayari nne. Umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua uite 1. Zuhura iko kwenye 0.723 na hukimbia kilomita 35.0 kwa sekunde. Dunia iko kwenye 1, kilomita 29.8. Mshtarii 5.20, kilomita 13.1. Neptuni 30.07, kilomita 5.43. Kwa kila sayari, zidisha kasi kwa yenyewe, kisha zidisha jibu kwa umbali. Fanya kabla hujasoma aya inayofuata, tafadhali. Ukisoma kwanza, utamu wote umekwisha.

Utapata 886, 888, 892 na 887. Tofauti hizo ndogo zimetokana na kukata desimali. Neptuni iko mbali na Jua zaidi ya mara 40 kuliko Zuhura, nayo inatambaa tu, lakini jibu halijabadilika. Sababu ni kwamba karibu kila kinachozivuta sayari hizi kimo ndani ya Jua, pale katikati. Ukisogea nje huongezi mvutaji mpya, hivyo kasi haina budi kushuka. Iandike sentensi hiyo pembeni mwa jedwali, tutairudia.

Sasa geuza jibu liwe tungamo. Ukipima umbali kwa miaka ya nuru (mmoja ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima) na kasi kwa kilomita kwa sekunde, tungamo lililomo ndani ya mzunguko, Jua likiwa ndilo jiwe la mizani, ni hili:

tungamo = 71 × kasi × kasi × umbali

Hiyo 71 inatokana na G ya Newton, namba ya kanuni ya mvutano, iliyobadilishwa vipimo. Usiikubali kwa sababu mwalimu kasema. Kutoka Dunia hadi Jua ni mwaka wa nuru 0.0000158. Zidisha 71 kwa 888 kwa 0.0000158: unapata 0.996, yaani Jua moja. Mizani yetu imepima Jua na kutoa jibu sahihi, kwa hiyo tunaweza kwenda nayo mbali.

Ipeleke kwenye galaksi

Ninayoitumia darasani ni NGC 3198, galaksi ya mzunguko iliyoko upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Naipenda kwa sababu gesi yake ya haidrojeni imetandaa mbali sana, hata pale ambapo nyota zimekwisha. Gesi hiyo hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 1420. Ikija upande wetu mawimbi yanabanwa kidogo, ikienda mbali yanatanuka. Kwa kasi ya kilomita 150 kwa sekunde, mabadiliko ni sehemu moja kati ya 2,000, kama megahezi 0.7, na darubini ya redio huyasoma bila shida. Kipimo mashuhuri cha galaksi hii kilifanywa kwa darubini za Westerbork, Uholanzi, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1985.

Kwenye miaka ya nuru 30,000 kutoka katikati, gesi inazunguka kwa kilomita 150 hivi kwa sekunde. Mwanga mwingi wa nyota umeshabaki ndani ya mstari huo. Kwa mujibu wa sentensi uliyoiandika pembeni, ukifika miaka ya nuru 90,000 kasi inapaswa kuwa 150 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu 87.

Wakaipima. Kasi ilikuwa bado inakaribia 150.

Tumia mizani. Kwa 30,000 unapata 71 × 22,500 × 30,000, karibu tungamo za Jua bilioni 48. Kwa 90,000 unapata karibu bilioni 144. Kati ya mistari hiyo miwili zimo bilioni 96, mara mbili ya zile za ndani, mahali ambapo picha inaonyesha weusi na gesi nyepesi inayofikia sehemu ndogo tu ya deni hilo. Hapo ndipo magoti yanapokunjika.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunishika: kanuni hii inachukulia kwamba vitu vimepangwa kama mpira, na galaksi ni bapa kama sahani. Ni kweli. Ukiifanya hesabu ya sahani, majibu yanahama kidogo, lakini bilioni 96 hazipotei.

Wala si galaksi moja iliyodanganya. Fritz Zwicky aliona dalili mwaka 1933 katika kundi la galaksi la Coma. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima Andromeda, kisha Rubin akaendelea na galaksi baada ya galaksi, nyingi zikionyesha kasi isiyoshuka. Alifariki mwaka 2016 bila Tuzo ya Nobel, na hilo linaniuma kila ninapolitaja mbele ya wasichana wangu wa fizikia. Leo darubini kubwa kule Cerro Pachón, Chile, ina jina lake, na nawaonyesha picha zake.

Uliza inagusana na nini, kabla ya kuuliza ni nini

Wengi hurukia majina ya chembe. Subiri kwanza. Kitu usichokiona utakijua kwa kinachokubali kukigusa na kinachokataa. Katika daftari andika kani nne, yaani nguvu ambazo vitu hugusana kwazo: mvutano, sumaku-umeme, kani kali ya kiini, kani dhaifu. Halafu tia alama.

Mvutano: ndiyo. Umeuona sasa hivi.

Sumaku-umeme: hapana, au kwa udogo usiopimika. Hapa jina lenyewe linapotosha. Masizi ni ya giza kwa sababu yanameza mwanga. Hii haimezi, hairudishi, haitoi. Mwanga unapita ndani yake kama hakuna kitu, kwa hiyo ingefaa zaidi kuitwa maada angavu kama kioo safi. Kumbuka pia kwamba mkono wako haupenyi meza kwa sababu elektroni za mkono na za meza zinasukumana. Kisicho na sumaku-umeme hakina cha kusukumana nacho, kinapita mezani, mkononi na mlimani.

Tokeo lake la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Uji hupoa kwa sababu unatoa joto. Gesi ya galaksi nayo inagongana, inatoa mwanga, inapoa, inazama kuelekea katikati na kulala bapa kama chapati. Nyota zikazaliwa humo. Maada ya giza haitoi mwanga, hivyo haina njia ya kupoa. Imebaki imetandaa katika tufe kubwa linaloizunguka galaksi pande zote, juu na chini ya chapati. Ndiyo maana deni letu lilikuwa kubwa huko nje, mbali na nyota.

Kani kali ya kiini: hapana. Ingekuwa nayo, tungeshaikuta zamani.

Kani dhaifu: labda. Weka alama ya kuuliza, na uikumbuke.

Ongeza mstari wa tano: je, inagusana yenyewe kwa yenyewe? Jibu bora linatoka kwenye kundi la galaksi liitwalo Bullet, ambako makundi mawili yamepitiana kwa kishindo. Darubini ya Chandra iliona gesi ya moto ya pande zote mbili imegongana na kubaki nyuma. Watafiti wakapima pia jinsi mwanga wa galaksi za mbali zaidi ulivyopindwa na mvutano, wakapata kwamba tungamo kubwa limeshapita, liko mbele ya gesi pamoja na galaksi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006. Maada ya giza ya upande mmoja ilipenya ile ya upande wa pili karibu bila kusimama. Kama inagusana yenyewe, ni kidogo.

Kundi hilo pia ndilo ninalomwonyesha anayesema labda hakuna maada yoyote, ila kanuni ya mvutano ndiyo yenye kasoro. Mordehai Milgrom alilipendekeza hilo mwaka 1983, na kwa kasi za galaksi mojamoja wazo lake linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyokubali. Lakini pale mvutano ulipotengana na gesi, wazo hilo peke yake halitoshi.

Wapitishe watuhumiwa mmoja mmoja

Nyota zilizokufa, mashimo meusi ya kawaida, sayari zilizopotea. Huyu ni mtuhumiwa wa busara, na alichunguzwa kwa uvumilivu. Miaka ya 1990 miradi ya MACHO na EROS ilifuatilia mamilioni ya nyota katika Wingu Kubwa la Magellan, ikingoja moja ing'ae kwa siku kadhaa kwa sababu kitu cheusi kimepita mbele yake. Wingu hilo utaliona mwenyewe Januari, saa 4 usiku, upande wa kusini, theluthi ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini, mvua ikikupa nafasi. Matukio yaliyopatikana ni machache mno. Tena kiasi cha haidrojeni nzito kilichobaki tangu dakika za kwanza za ulimwengu kinatuambia maada ya atomu ni asilimia 5 tu ya vyote, na ya giza ni kama 27. Mtuhumiwa atokanaye na atomu anaachiwa. Mashimo meusi yaliyozaliwa kabla ya atomu, yenye tungamo kama la vimondo vikubwa vinavyozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii, bado hayajaondolewa.

Nyutrino, chembe nyepesi mno. Ana karibu kila sifa: hana chaji, hutumia kani dhaifu, yuko kila mahali. Kutoka kwenye Jua peke yake, bilioni 65 hivi hupita kwenye sentimita moja ya mraba kila sekunde. Kilichomponza ni wepesi. Alikimbia mno ulimwengu ulipokuwa mchanga, na kitu kinachokimbia hivyo hakikusanyiki. Kingefuta vijirundo vidogo ambavyo galaksi zilianzia. Tunahitaji kitu cha polepole.

WIMP. Hizi zingekuwa chembe nzito zinazotumia kani dhaifu, ile tuliyoiwekea alama ya kuuliza. Kwa miaka mingi zilipendwa kuliko zote, kwa sababu hesabu ya ulimwengu mchanga inaziacha kwa kiasi kinachokaribia tunachokihitaji.

Aksioni, chembe nyepesi kupita kiasi lakini baridi na polepole kwa namna ilivyozaliwa. Ilitokana na wazo la Peccei na Quinn la mwaka 1977 la kutatua fumbo ndani ya kani kali. Frank Wilczek aliipa jina la sabuni ya kufulia, kwa kuwa ilisafisha doa hilo.

Hesabu zinazopita kwenye ukucha wako

Rudi kwenye kikokotoo. Karibu na Jua, makadirio ni kwamba maada ya giza katika kila sentimita ya ujazo ina tungamo kama theluthi moja ya protoni. Ukiikusanya yote katika ujazo sawa na Dunia nzima, unapata kama nusu kilo, mfuko mdogo wa sukari. Wanafunzi hushangaa: nusu kilo ndiyo inayoendesha galaksi? Lakini nyota zimetengana mno, na nafasi kati yao ni kubwa kuliko akili inavyozoea. Nusu kilo kila mahali, bila kuruka popote, ni nyingi.

Tuseme ni WIMP, kila moja nzito kama protoni 100. Lita moja ina protoni 300 za tungamo, kwa hiyo chembe 3. Jua linatuburuta kuzunguka galaksi kwa kilomita 230 hivi kwa sekunde. Kila sekunde, basi, ukucha wako wenye sentimita moja ya mraba unafagia mnara wa urefu wa kilomita 230, yaani sentimita za ujazo milioni 23. Zidisha kwa 0.003. Chembe 69,000 kwa sekunde, mchana na usiku, ukiwa darasani au umelala.

Ukishapata namba hiyo, utaelewa kwa nini watu walizika tangi la zenoni karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota. Jaribio linaitwa LUX-ZEPLIN. Tani 7 za zenoni iliyogandamizwa na baridi kuwa kimiminika, karibu nyuzi 100 chini ya sifuri, zinangoja chembe moja igonge kiini cha atomu na kutoa mmweko mdogo. Mwamba uko juu kuzuia miale ya angani. Mwaka 2024 walitangaza matokeo ya siku 280: hakuna mgongano wa WIMP. Maabara za Gran Sasso nchini Italia na Jinping nchini China zina matangi ya aina hiyo, nazo hazijaipata. Chembe zikipita kwa wingi huo na tani 7 zisiguswe, ujue mguso wake, kama upo, ni hafifu kuliko ule wengi waliotarajia nilipokuwa chuoni.

Aksioni hutafutwa kwa njia ambayo babu yangu angeielewa, maana alikuwa akizungusha kitufe cha redio taratibu hadi sauti ijitokeze. Pierre Sikivie alionyesha mwaka 1983 kwamba ndani ya sumaku kali aksioni inaweza kugeuka kuwa wimbi la redio, na tungamo lake ndilo linaloamua wimbi lipi. Jaribio la ADMX, Seattle, ni chombo cha chuma ndani ya sumaku hiyo, kilichopozwa sana, chenye vijiti vinavyosogezwa kidogo kidogo kubadili masafa. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalipita kati ya megahezi 645 na 680. Palikuwa kimya. Wakaendelea kusogeza kitufe.

Ukisoma kwamba imepatikana

Habari hizo huja. Kabla ya kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp, tafuta jambo moja: kuna chombo kingine, cha watu wengine, kilichoona kitu hicho hicho?

Mfano ni jaribio la DAMA, kule Gran Sasso. Tangu miaka ya 1990 fuwele zao za sodiamu ayodaidi zimeonyesha mimweko inayoongezeka karibu na Juni na kupungua karibu na Desemba. Wazo lenyewe ni zuri. Ile 29.8 ya jedwali lako la kwanza, kasi ya Dunia, katikati ya mwaka inajiongeza kwa sehemu kwenye zile 230 za Jua, na miezi sita baadaye inapungua, kwa hiyo upepo wa chembe ungepanda na kushuka. Lakini ANAIS nchini Hispania na COSINE-100 nchini Korea Kusini wametumia fuwele za aina hiyo hiyo, na hawaoni mpando huo. Mimi daftarini nimeiandikia DAMA "haijathibitishwa", kwa kalamu ya risasi.

Hatua ya mwisho, nje

Ngoja Septemba, moshi wa mashamba ukiwa umetulia. Toka kati ya saa 3 na saa 4 usiku, ukae gizani dakika 20 macho yazoee, na uangalie kaskazini. Theluthi ya njia kutoka upeo wa macho kuna nyota angavu, Deneb, katika kundinyota la Dajaja, na ule mkanda mweupe wa galaksi yetu unapita papo hapo. Jua, pamoja nasi sote, linaelekea upande huo. Kwa hiyo upepo wa maada ya giza unakuja kutoka huko, kama vile upepo unavyokupiga usoni ukiwa nyuma ya pikipiki hata siku isiyo na upepo.

Fungua kiganja na ukielekeze kwa Deneb. Pima eneo lake kwa rula kabla ya kutoka. Changu ni sentimita za mraba 120 hivi. Zidisha kwa 69,000.